Sumu Iliyojificha Katika Masizi

Hakuna kitu kinyonge nyumbani kama masizi. Hukaa chini ya sufuria, hushika kwenye dari la jiko, huchafua mikono ya apikaye na nguo za aoshaye vyombo. Mtu huyakwangua kwa majivu na mchanga, akayamwaga, akayasahau. Hayana bei sokoni wala sifa katika nyimbo. Hata hivyo, masizi yana historia, na historia yake ni ndefu na yenye huzuni. Katika weusi ule mna kitu kilichowaua watu kwa muda mrefu bila ya kujulikana jina lake. Aliyeyashitaki masizi kwa mara ya kwanza mbele ya ulimwengu wa matabibu alifanya hivyo mwaka wa 1775. Waliokitenga kitu chenyewe kikakaa peke yake ndani ya chupa walifanya hivyo mwaka wa 1933. Kati ya shitaka na ushahidi ilipita miaka 158. Insha hii yataka kueleza jinsi miaka hiyo ilivyopita, na kwa nini kazi ya kutenga kitu kimoja katika vitu elfu imekuwa msingi wa kila maabara ipimayo uchafu wa hewa, maji na udongo hivi leo.

Tuanze katika mji wa London. Katika karne ya kumi na nane watu wa mji ule walipasha nyumba zao joto kwa makaa ya mawe. Nyumba ya mwenye mali ilikuwa na mahali pa moto katika kila chumba, na kila mahali pa moto palikuwa na dohani iliyopanda ndani ya ukuta mpaka juu ya paa, moshi upate kutoka. Makaa ya mawe yana moshi mzito, na moshi ule uliacha masizi njiani. Masizi yakizidi, dohani huziba. Au hushika moto, na nyumba nzima ikaungua. Kwa hiyo ilipasa dohani zisafishwe mara kwa mara. Lakini nyingi zilikuwa nyembamba, zenye upana wa kama sentimita 23 kwa 36, tena zilipinda huku na huku. Mtu mzima hakuweza kupita humo. Basi wakatafutwa watoto.

Watoto hao walikuwa wana wa maskini na mayatima. Walikabidhiwa kwa bwana wa kazi kwa jina la kufundishwa ufundi, na baadhi yao hawakuwa wametimiza hata miaka sita. Mtoto alipanda dohani kwa magoti na viwiko, brashi mkononi, masizi yakimwangukia kichwani. Magoti na viwiko vyake vilipochubuka, vilisuguliwa kwa maji ya chumvi mbele ya moto, ngozi ipate kuwa ngumu. Usiku alilala juu ya magunia ya masizi aliyoyakusanya mchana. Kuoga kulikuwa kwa nadra. Yaani masizi yalikuwa kazi yake, nguo yake na kitanda chake. Wahenga wetu walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Na kama methali hiyo ilimstahili mtu, ilimstahili mtoto huyu.

Percivall Pott alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya St Bartholomew mjini humo. Aliwaona watu wengi waliofanya kazi ya dohani wakija na kidonda cha namna moja katika ngozi ya sehemu za siri. Kidonda hicho kilianza kama chunjua ndogo, kikaenea, kikaingia ndani ya mwili, na mwisho wake ulikuwa mauti. Jambo la ajabu ni kuwa hakikumjia mtoto akiwa dohanini. Aghalabu kilimjia miaka mingi baadaye, amekwisha kuwa mtu mzima, na pengine ameiacha kazi ile zamani. Kwa sababu ya mahali kilipotokea, waganga wengi walidhani ni maradhi ya zinaa, wakampa mgonjwa dawa isiyomfaa na aibu asiyoistahili. Pott akasema sivyo. Mwaka wa 1775 alichapa maandishi yaliyoeleza kwamba hiyo ni saratani, na kwamba asili yake ni masizi yaliyokaa katika mikunjo ya ngozi. Wala hakuandika kama mtu asiye na moyo. Alieleza kwa huruma jinsi watoto hao walivyotendewa ukatili tangu utotoni mwao.

Msomaji atauliza: je, baada ya maneno hayo watoto waliondolewa dohanini? La. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka wa 1788 ya kukataza watoto wa chini ya miaka minane, lakini sheria hiyo haikuwa na wa kuitekeleza. Zikafuata nyingine mwaka wa 1834, mwaka wa 1840 na mwaka wa 1864, na kila moja ilivunjwa na wenye nyumba waliotaka dohani zao zisafishwe kwa bei ndogo. Brashi ndefu ya kusafishia dohani kutoka chini ilikuwa imekwisha kubuniwa, lakini wengi walisema mtoto husafisha vizuri zaidi. Mapema mwaka wa 1875 mtoto mmoja aitwaye George Brewster, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, alikwama katika dohani ya hospitali karibu na Cambridge. Ukuta ulivunjwa akatolewa, lakini hakuishi. Mwaka ule ule ikapitishwa sheria ambayo iliwalazimu wasafishaji wote wapate kibali, na polisi wakapewa kazi ya kuisimamia. Ndipo desturi ile ilipokoma. Ilikuwa imepita miaka mia kamili tangu Pott alipoandika.

Hapa pana somo ambalo yafaa tulishike kabla ya kuendelea. Mwaka wa 1892 daktari mwingine wa Uingereza, Henry Butlin, alilinganisha wasafishaji wa nchi yake na wale wa nchi nyingine za Ulaya. Aliona kwamba kidonda kile kilikuwa adimu mno kwa wenzao wa ng'ambo. Sababu haikuwa elimu ya siri. Wasafishaji wa nchi hizo walivaa nguo zilizofunika mwili wote na kubana vizuri, na walioga baada ya kazi. Hawakujua ni kitu gani ndani ya masizi kilichodhuru, lakini walijikinga na masizi yote. Kumbe mtu aweza kuepukana na adui kabla ya kulijua jina lake, maadamu anaijua njia apitayo.

Lakini jina nalo lilitakiwa. Masizi yalikuwa yamekwisha kupata ndugu. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vikichoma makaa ya mawe ndani ya matanuri yaliyofungwa, ili kupata gesi ya kuwashia taa. Katika kazi hiyo ilipatikana lami, kitu cheusi, kizito na chenye kunata. Mwaka wa 1875 Richard von Volkmann, tabibu wa Ujerumani, alieleza saratani ya ngozi aliyoiona kwa watu waliofanya kazi ya lami. Hao hawakuwa wamepanda dohani hata siku moja. Basi ilidhihirika kwamba masizi na lami vina kitu kimoja kwa pamoja, nacho ni mbegu ya maradhi. Wengine walidhani ni zarniki, ile sumu ya kale. Wengine walidhani si sumu kabisa, ni msuguo na uchafu tu. Pasipo ushahidi kila mtu alikuwa na neno lake.

Ili kupata ushahidi, ilipasa kwanza saratani itokezwe kwa makusudi katika mnyama. Wataalamu wengi walijaribu wakashindwa. Waliofaulu walikuwa Wajapani wawili wa Tokyo, Katsusaburo Yamagiwa na msaidizi wake Koichi Ichikawa. Waliwapaka sungura lami masikioni, wakarudia kila baada ya siku mbili tatu. Wiki zikapita, hakuna kitu. Miezi ikapita, wakaendelea kupaka. Baada ya siku zaidi ya mia vilianza kuota vivimbe, na baadhi ya vivimbe hivyo hatimaye vikawa saratani ya kweli. Habari hiyo waliichapa mwaka wa 1915. Waliowatangulia walishindwa kwa kuwa walichagua mnyama asiyefaa, au walikata tamaa mapema. Sumu hii haina haraka. Amtafutaye mwenye subira hana budi kuwa na subira kumzidi.

Sasa tunafika katika kiini cha hadithi yetu. Lami si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa vitu vingi mno, vyote vyeusi au vya manjano, vyote vyenye kunata, vyote vimefanana tabia kama ndugu wa tumbo moja. Kusema kwamba lami yaleta saratani ni kama kusema kwamba katika kijiji fulani mna mwizi. Neno ni la kweli, lakini huwezi kukishitaki kijiji kizima. Lazima watu waitwe mmoja mmoja.

Kazi ya kuwaita mmoja mmoja ilifanywa London, katika taasisi ya utafiti ya Hospitali ya Saratani, chini ya uongozi wa Ernest Kennaway. Kwanza alitengeneza lami yake mwenyewe kwa kuzipitisha katika joto kali gesi zisizo na kitu ila kaboni na hidrojeni. Lami hiyo nayo ilileta saratani kwa panya. Basi zarniki ikatoka kizimbani, kwa sababu hata chembe yake haikuwamo. Mtuhumiwa alikuwa amejengwa kwa kaboni na hidrojeni peke yake.

Lakini hidrokaboni ni nyingi, na kumjaribu kila mmoja kwa ngozi ya panya kulichukua miezi. Izrael Hieger, aliyefanya kazi pamoja na Kennaway, aliona njia ya mkato. Lami zenye kuleta saratani, zikimulikwa kwa urujuanimno, yaani nuru ile isiyoonekana kwa macho, hung'aa kwa rangi ya kibuluu. Nuru hiyo ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hugawanyika, na mistari yake hukaa mahali pale pale kila mara. Mistari hiyo ilikuwa kama alama ya kidole gumba cha mwizi. Tangu siku hiyo watafiti hawakuhitaji kungoja miezi. Walimulika, wakatazama, wakajua kama anayetafutwa yumo au hayumo.

Mwaka wa 1930 Kennaway na Hieger walionyesha kwamba kitu kimoja safi, kilichotengenezwa na wanakemia, chaweza kuleta saratani. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kitu kisichochanganyika na kingine kushikwa kwa kosa hilo. Lakini mistari yake ya nuru haikulingana sawasawa na ile ya lami. Alikuwa ni mhalifu kweli, ila hakuwa yule waliyemfuata.

Ndipo wakachukua hatua kubwa. Walipata tani mbili za lami ngumu kutoka kiwanda cha gesi cha Beckton, upande wa mashariki wa London. Tani mbili! Waliichemsha na kukusanya mvuke wake kwa mafungu, kwa kufuata kiasi cha joto. Kila fungu walilimulika. Fungu lenye alama walilishika; lisilo na alama walilitupa. Lililoshikwa waliliyeyusha, wakaliacha ligande kuwa fuwele, wakaimulika fuwele, wakatenga tena. Walirudia hivyo mara nyingi, na kila mara kiasi kilipungua na mng'ao ukazidi. Mwishowe mlima ule wa weusi uliwaachia fuwele za manjano, kiasi cha kutosha kiganjani. Mwaka wa 1933 James Cook, Hieger na mwenzao Hewett walitangaza kitu hicho ni nini. Sisi leo twakiita benzopireni. Ina atomi 20 za kaboni na 12 za hidrojeni, zilizofungamana katika pete tano.

Tena walikuta ajabu nyingine. Katika lami ile ile mlikuwa na benzopireni ya pili, yenye atomi 20 na 12 vile vile, na pete tano vile vile, ila pete moja imekaa upande mwingine. Ya kwanza ilileta saratani kwa panya. Ya pili haikuleta. Mwanafunzi na alitafakari jambo hili. Watu wawili wenye sura moja, uzito mmoja na ukoo mmoja, na mmoja ni muuaji na mwingine hana hatia. Apimaye bila ya kuwatenga atamwachilia mwenye kosa, au atamfunga asiye na kosa. Hapo ndipo utaona kwamba kutenga si kazi ya maandalizi tu. Kutenga ndiko haki yenyewe.

Baada ya 1933 elimu ilikwenda mbio. Ilijulikana kwamba benzopireni hutokea kila mahali kitu cha asili ya uhai kinapoungua bila ya hewa ya kutosha: katika moshi wa kuni, wa tumbaku, wa dizeli, na wa nyama iliyochomwa ikaungua. Katika miaka ya 1970 wataalamu walieleza kwamba mwili wenyewe, ukijaribu kuiondoa, huigeuza kuwa kitu kikali kinachojishikiza katika chembe za urithi na kuziharibu. Mwaka wa 1976 serikali ya Marekani ilichagua hidrokaboni 16 za ukoo huu ziwe miongoni mwa vichafuzi vya kupimwa kwanza katika maji, na benzopireni ilikuwa mojawapo.

Ukoo huu una tabia moja inayowasumbua sana wapimaji. Wengi wa wanafunzi wameona vidonge vyeupe vya naftalini viwekwavyo kabatini kufukuza nondo. Kidonge hakiyeyuki wala hakitoi maji, lakini kila mwezi hupungua, na harufu yake hujaa nguoni. Naftalini ni mdogo wa ukoo, mwenye pete mbili. Vitu vya namna hii haviruki upesi kama petroli, wala havitulii kama chumvi. Nusu yao ni wa hewani na nusu yao ni wa ardhini. Penye joto huondoka kama mvuke. Penye baridi hutua juu ya vumbi, masizi na matope. Wenye pete chache hupenda hewa, na wenye pete nyingi, kama benzopireni, hung'ang'ania chembe za masizi. Kwa hiyo huwezi kuvipata vyote kwa njia ya gesi, wala vyote kwa njia ya udongo. Na ukizembea maabarani, vyepesi vitakutoroka mbele ya macho yako.

Tuingie basi maabarani, tuone wafanyavyo. Tuseme matope yamechotwa katika kijito kinachopita nyuma ya gereji, mahali oili chafu imwagwapo. Matope hutiwa katika chupa ya kioo, si ya plastiki, kwa sababu plastiki hutoa vitu vyake na kunywa vitu vya watu. Kioo chake huwa cheusi au cha rangi ya kahawia, kwani mwanga huiharibu benzopireni. Chupa huwekwa penye baridi, karibu na kuganda, wala haikai siku nyingi. Kwa kawaida matope hupewa siku 14 na maji siku 7 kabla ya kazi kuanza. Hata kabla ya maabara kufikiwa, mchotaji mzembe aweza kuharibu kila kitu, na hakuna mashine itakayomtengenezea.

Maabarani matope hukaushwa kwa kuchanganywa na salfeti ya sodiamu, unga mweupe wenye kiu ya maji. Kisha mpimaji hufanya jambo la hekima: huongeza kiasi anachokijua cha kitu cha ukoo ule ule, lakini kilichotengenezwa kwa hidrojeni nzito, kisichopatikana katika kijito chochote. Huyu ni shahidi wake. Akitia mia, na mwisho wa kazi akaona tisini, hujua kwamba kumi zimepotea njiani. Akiona thelathini, hujua kazi yake haikufaa, huianza upya. Pia huandaa chombo kingine kisicho na matope, akakifanyia yote anayoyafanyia kile chenye matope. Benzopireni ikionekana katika chombo kitupu, basi mchafu si mto. Mchafu ni maabara.

Halafu huja chombo kilichobuniwa mwaka wa 1879 na Franz von Soxhlet, mwanakemia aliyezaliwa Brno akafanya kazi Munich. Soxhlet hakuwa akiwaza sumu. Alitaka kujua kiasi cha mafuta katika maziwa. Chombo chake ni cha kioo, nacho kina orofa tatu. Chini mna chupa ya kiyeyushi kinachochemshwa. Mvuke hupanda mpaka juu, hukutana na baridi, hugeuka matone. Matone huanguka katikati, juu ya kifuko cha karatasi chenye matope. Kiyeyushi hujaa taratibu na kuloanisha matope, na kikifika kimo maalumu hujimimina chenyewe chote kwa bomba lililopinda, kikarudi chini pamoja na vile kilivyoviyeyusha. Kisha chachemka tena, chapanda tena, chashuka tena kikiwa safi kama mwanzo. Mzunguko huo huenda mara nne mpaka sita kwa saa, kwa muda wa saa 16 hata 24. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa haba na haba humaliza kibaba, maana matope huachilia kidogo kidogo kila walichokificha.

Kilichopatikana bado ni kichafu. Kiyeyushi hakina upendeleo. Kimechukua benzopireni, na pia kimechukua mafuta, nta na rangi za majani. Kwa hiyo humiminwa juu ya mrija uliojazwa unga wa silika. Njia hii ina asili yake kwa Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw. Mwaka wa 1903 alieleza jinsi alivyopitisha maji ya majani katika mrija wa unga, akaona rangi zikiachana njiani, kijani mahali pake na manjano mahali pake, kwa kuwa kila moja ilishikwa na unga kwa nguvu tofauti. Rangi zake zilikuwa nzuri, zetu hazionekani, lakini kanuni ni ile ile.

Mwisho kiyeyushi hupunguzwa. Kikombe kizima hurudishwa kuwa mililita moja, ili kilicho kichache kikaribiane na kuonekana. Hatua hii ni ya hatari. Mpimaji hupuliza nitrojeni polepole juu ya kiyeyushi, na jicho lake haliondoki hapo. Akikiacha kikauke kabisa, naftalini na wenzake wepesi huruka na kwenda zao, na karatasi ya majibu itasema kwamba kijito ni safi kumbe si safi. Baada ya hapo tu ndipo tone dogo hutiwa katika mashine. Mashine ya kutenganisha mvuke, ambayo chanzo chake ni kazi ya A. T. James na A. J. P. Martin iliyochapwa Uingereza mwaka wa 1952, huvitoa vitu kimoja baada ya kingine, na mashine ya pili hupima uzito wa vipande vyake na kuvitaja majina.

Watu wengi huisifu mashine, na mashine yastahili sifa. Lakini mashine huona kile tu kilichofikishwa mbele yake. Kazi yake huchukua dakika. Kazi ya kuitayarishia huchukua siku. Kennaway na wenzake hawakuwa na mashine hii, ila walikuwa na uaminifu wa kutenga na kutenga tena, wakapata kweli. Na mtu aliye na mashine bora, akikosa uaminifu huo, hupata tarakimu nzuri za uongo. Na tarakimu ya uongo si jambo dogo. Kwayo kijiji huambiwa kinywe maji yasiyofaa, au mtu asiye na kosa hufungiwa karakana yake.

Turudi sasa jikoni, tulikoanzia. Mwaka wa 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapa hukumu kwamba moshi wa kuni na wa mabaki ya mimea uchomwao nyumbani yamkini huleta saratani. Benzopireni nayo limeiweka katika daraja la vitu ambavyo hapana shaka huleta saratani kwa wanadamu. Masizi ya sufuria zetu si ya makaa ya mawe, wala jiko letu si dohani ya London. Hata hivyo, asili ya ule moshi ni moja, nayo ni moto usiopata hewa ya kutosha. Na wanaouvuta sana ni wale wakaao karibu na mafiga kila siku, yaani mama zetu na watoto waliobebwa migongoni mwao.

Je, nasi tungoje? Kumbuka wasafishaji wa Ulaya waliojiokoa kwa maji na nguo kabla ya mtu yeyote kuijua benzopireni. Kuni zilizokauka vizuri hutoa moshi mchache kuliko mbichi. Dirisha lililofunguliwa na bomba la kutolea moshi haviombi cheti cha maabara. Kuwasha moto kwa mifuko ya plastiki ni kuongeza sumu juu ya sumu, na kunawa mikono baada ya kukwangua masizi ni kazi ya dakika moja. Mambo haya yote yaweza kuanza leo.

Maabara ina kazi nyingine. Kazi yake ni kusema kweli pale macho yanaposhindwa: katika maji yaonekanayo safi, katika udongo usio na harufu, katika hewa isiyo na moshi. Huko hatuwezi kujikinga kwa kukisia, wala hatuwezi kumshitaki mtu kwa kukisia. Lazima kitu kitengwe, kipimwe, kitajwe. Miaka 158 ilipita kati ya kidonda na jina. Katika miaka hiyo walikosekana watenganishaji wenye subira, na walikosekana pia wenye nyumba wenye huruma. Kijana atakayesoma kemia na aingie maabarani akiwa na sifa hizo zote mbili. Na atakayeiona chupa yake ya kahawia yenye matope na aione kama watu wa zamani walivyopaswa kumwona mtoto wa dohani: kwamba ndani yake mna neno la kweli, na kwamba mtu fulani, asiyejulikana jina, anangoja lisemwe mapema.